Kivuli Kilichomfundisha Link: Mhadhara juu ya Makisio ya Wachezaji na Mashujaa wa Gemu



Nianze na mifupa. Katika gemu iitwayo Twilight Princess, ya mfululizo wa Zelda, ambayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliitoa mwishoni mwa mwaka 2006, kijana Link anakutana na mbwa mwitu mwenye manyoya ya dhahabu. Mnyama anamrukia, kila kitu kinakuwa cheupe kama ukungu wa alfajiri, na mbele ya kijana anasimama askari aliyebaki mifupa. Deraya yake imechakaa na kuota majani ya kutambaa. Jicho moja tu linawaka. Jina lake hataji.  Anamfundisha kijana mbinu za upanga, moja baada ya nyingine, mpaka zinatimia saba. Siku ya mwisho anasema aliwahi kuishi maisha ya shujaa, na kwamba kilichomuumiza ni kuwa hakupata wa kumrithisha aliyoyajua. Anamwita mwanangu, anamuaga, anatoweka. Gemu inakwisha bila kutuambia alikuwa nani.

Akajulikana kwa jina la Kivuli cha Shujaa, na mashabiki wakaanza kuulizana. Maulizano yale yalichukua miaka mitano, na ndiyo yaliyonileta hapa jioni hii. Ninaamini kwamba mchezaji anayekisia hadithi ya gemu kwa ushahidi anafanya kazi ileile ya msomaji makini wa kitabu, na kwamba kazi hiyo ina thamani hata kama mwenye gemu hajaipigia mhuri. Wazazi wengi huona watoto wao wakibishana kuhusu Link wakadhani ni upuuzi. Naomba tuwasikilize watoto hao kwa muda wa saa moja.

Ili kisio lao lieleweke, turudi nyuma hadi Novemba 1998, ilipotoka gemu iitwayo Ocarina of Time. Link wa gemu ile ni mwingine, wa zama za kabla: mtoto aliyelelewa msituni. Anaung'oa upanga mtakatifu kutoka kwenye jiwe lake, na kwa kuwa bado ni mdogo mno kuubeba, analazwa usingizi wa miaka saba. Anaamka akiwa kijana mzima, anaikuta nchi ya Hyrule imeshikwa na Ganondorf, anapigana, anashinda. Baada ya ushindi, binti mfalme Zelda anamrudisha kwenye utoto wake ili aiishi ile miaka aliyoporwa. Ni zawadi ya upendo. Lakini tazameni gharama yake: katika wakati anaorudishwa, vita havijapiganwa. Hakuna aliyemwona akipigana, na wimbo wa kumsifu hautatungwa. Mtoto yule amebeba kumbukumbu ya ushujaa ambao, kwa majirani zake wote, haukutokea.

Wachezaji waliokuwa wameimaliza gemu ile wakiwa wadogo walipoingia Twilight Princess miaka minane baadaye, wakamsikia askari wa mifupa akilalamika kwamba hakupata wa kumrithisha, masikio yalisimama. Ni nani mwingine katika hadithi hizi aliyekuwa shujaa asiyejulikana?

Wakaanza kukusanya ushahidi. Wa kwanza ulikuwa wa mkono. Link wa Ocarina of Time hushika upanga kwa mkono wa kushoto. Askari wa mifupa naye ni wa kushoto katika toleo la mashine ya GameCube. Katika toleo la Wii yeye ni wa kulia. Kwa nini? Kwa sababu mchezaji wa Wii alikuwa anapunga padi yake hewani kama upanga, na watu wengi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo watengenezaji waliigeuza dunia nzima ya gemu kama inavyogeuka kwenye kioo. Link akawa wa kulia, mashariki ikawa magharibi, hata jua likawa linachomoza upande wa pili. Mchezaji wa Wii asiyejua habari hiyo angeutupa ushahidi wa mkono. Aliyejua aliuliza kwanza nakala ipi ndiyo ya asili, kama afanyavyo mtafiti wa miswada anapokuta nakala mbili za utenzi zinazotofautiana.

Wa pili ulikuwa wa nyimbo. Ili kumwita mbwa mwitu wa dhahabu, Link, akiwa katika umbo la mbwa mwitu, hutoa mlio mrefu mbele ya mawe yanayolia kwa upepo, akifuatisha tuni. Baadhi ya tuni hizo ndizo alizopiga Link wa zamani kwa filimbi yake katika Ocarina of Time na katika Majora's Mask ya mwaka 2000. Mtu anayeitika kwa nyimbo za ujana wake mwenyewe!

Wa tatu ulikuwa lile neno mwanangu, na hapa mimi huwa naweka breki. Wachezaji wa Kiingereza walilishika sana: amemwita mwanangu, basi ni babu yake wa ukoo. Sisi tunaosema Kiswahili tunajua kuwa mzee yeyote hapa mtaani atamwita kijana yeyote mwanangu, awe amemzaa au amemkuta kituo cha daladala. Ushahidi ule ulikuwa mwepesi kuliko walivyoupima. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba msomaji wa lugha nyingine huona mahali ambapo wenzake wameegemea ukuta usio na msingi.

Wa nne ndio niupendao. Katika Ocarina of Time kuna msitu wa kupotea, na msichana mmoja wa msituni anamwambia Link kwamba anayeingia na kupotea humo hugeuka askari wa mifupa. Majora's Mask inaanza na Link mtoto akipita msituni, juu ya farasi, akimtafuta rafiki aliyetengana naye. Mashabiki wakaunganisha: huenda siku moja alirudi kumtafuta rafiki yule, akapotea, akawa mifupa. Jambo hili gemu haisemi popote. Lakini angalieni jinsi kisio lilivyojengwa: sheria iliyotamkwa na msichana wa pembeni mwaka 1998, safari iliyoonyeshwa mwaka 2000, na mifupa iliyosimama mbele yetu mwaka 2006. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa walioviunda ni wachezaji.

Desemba 2011, Nintendo ilipokuwa inaadhimisha miaka 25 tangu gemu ya kwanza ya Zelda, kilitoka Japani kitabu kiitwacho Hyrule Historia. Ndani yake iliandikwa wazi: Kivuli yule ni Link wa Ocarina of Time, aliyesikitika kwamba hakukumbukwa kama shujaa. Mashabiki walikuwa wamepatia.

Wengi wanasema siku ile kisio likawa kweli. Mimi nasema lilikuwa zuri tangu siku mtu alipokaa chini akalinganisha mikono na nyimbo. Mhuri uliongeza uhakika tu. Ubora ulikuwapo tayari. Kama Hyrule Historia ingekataa, kisio lingekuwa limekosea, lakini akili iliyolijenga isingekuwa imepotea bure. Na mhuri wenyewe haukukaza sana. Kitabu kile kina onyo kwamba kinakusanya yanayoaminika kwa wakati ule tu, na kwamba siri nyingi zimebaki. Ilipofika mwaka 2017, kikatoka Japani kitabu kingine rasmi cha Zelda, na mpangilio wa baadhi ya gemu ukabadilishwa: Link's Awakening ikahamishwa ikawa kabla ya gemu mbili zenye jina la Oracle. Mwenye mali alikuwa amejisahihisha.

Nikae kidogo kwenye mpangilio huo, kwa kuwa ndipo mabishano makubwa yalipo. Kabla ya mwaka 2011 mashabiki wengi walikuwa wamekubaliana kwamba mwisho wa Ocarina of Time unaipasua historia matawi mawili: tawi la Link aliyerudi utotoni, na tawi la nchi aliyoiacha nyuma, ambayo alipigana kwa ajili yake kisha akaondolewa. Tawi hilo la pili linaonekana katika The Wind Waker ya mwaka 2002. Gemu hiyo inaanza na masimulizi ya hadithi ya kale: shujaa mwenye vazi la kijani aliwahi kuiokoa nchi, kisha uovu ukarudi, watu wakamngoja shujaa yule, asitokee. Miungu ikaifunika nchi kwa bahari. Karne nyingi baadaye, katika visiwa vilivyokuwa vilele vya milima, wavulana wanaofikia umri wa shujaa huvishwa vazi la kijani. Bibi anamvisha mjukuu wake siku ya kuzaliwa, bila kujua hasa anamkumbuka nani.

Nilipocheza sehemu ile mara ya kwanza niliiweka padi chini. Mchezaji wa Ocarina of Time anajua kitu ambacho watu wa visiwani hawakijui. Anajua kwa nini shujaa hakutokea: alikuwa amerudishwa utotoni, kwenye wakati mwingine, kwa wema wa binti mfalme. Tawi moja lina shujaa asiyekumbukwa. Tawi la pili lina kumbukumbu isiyo na shujaa. Twilight Princess na The Wind Waker zikiwekwa pamoja ni masimulizi mazito juu ya sifa na usahaulifu, na hakuna gemu hata moja kati yake inayoyasema kwa mdomo. Yamesemwa na wachezaji walioziweka ubavu kwa ubavu.

Kisha Hyrule Historia ikaja na tawi la tatu ambalo wengi hawakulitarajia: tawi ambalo Link anashindwa na kufa mbele ya Ganon, umbo la kinyama la Ganondorf. Kutoka hapo ndipo zinapotokea gemu za mwanzo kabisa, pamoja na A Link to the Past ya mwaka 1991. Wapo waliokasirika, wakaona ni kiraka. Mimi nililipenda tawi hilo kwa sababu moja: kila aliyewahi kucheza Ocarina of Time alishawahi kufa mbele ya Ganon. Sote tumeliona tawi la tatu. Tulibonyeza tu tuendelee.

Mwaka 2017 ikaja Breath of the Wild, iliyowekwa zama za baadaye sana kuliko gemu zote zilizoitangulia, na hapo kipande cha chumvi kikazua ubishi. Ndani ya gemu hiyo unavunja miamba, unapata chumvi ya mawe ya kuungia chakula. Ukisoma maelezo yake, unaambiwa imetokana na bahari ya kale. Kina mama walioko hapa watanielewa: mtu anapika nyama, anasoma kibandiko cha chumvi, anaruka kutoka kitini! Bahari ya kale? Si ndiyo ile iliyoifunika nchi katika The Wind Waker? Na tazama, wapo Rito, watu ndege, ambao tuliwajua katika visiwa vile. Wapo na Korok, viumbe wadogo wa miti. Basi hili ni tawi la mafuriko.

Wengine wakajibu: subirini. Rito wa visiwani walitokana na Zora, watu samaki, baada ya nchi kuzama. Katika Breath of the Wild Zora wapo katika mji wao, na Rito wapo katika kijiji chao, wanaishi zama moja. Ikiwa ndege walitokana na samaki, samaki hawa wametoka wapi? Wa kwanza wakajibu kwamba si lazima Zora wote wawe wamegeuka. Wa pili wakasema basi chumvi nayo si lazima iwe ya bahari ileile, kwa kuwa kila nchi ina chumvi ya mawe mahali palipokuwa na maji zamani. Hapo, mabibi na mabwana, watoto wa miaka 14 wanajadili jiolojia na asili ya viumbe. Ubishi huo haujakwisha, na Tears of the Kingdom ya mwaka 2023 iliuongezea kuni.

Ninachokithamini katika ubishi wa chumvi ni kwamba pande zote mbili zinakubali kushindwa na jambo fulani. Ukiniuliza kisio zuri ni lipi, nitakujibu hivi: mwenye kisio aweze kukwambia ni kitu gani, kikionekana kesho, kitamfanya aliache.

Mashabiki wa gemu ya Mass Effect 3 walipita njia tofauti. Gemu ilitoka Machi 2012, na mwisho wa safari ya askari Shepard uliwaumiza wengi, kwa kuwa machaguo waliyoyafanya kwa zaidi ya miaka minne na gemu tatu yalionekana kuishia kwenye milipuko inayofanana, tofauti ikiwa rangi: nyekundu, buluu, kijani. Mashabiki wakawatumia watengenezaji keki ndogo za rangi hizo tatu, zote za ladha moja. Likazuka kisio kwamba mwisho ule haukutokea kabisa. Shepard alikuwa ametekwa akili na maadui, na tulichokiona kilikuwa kichwani mwake. Ushahidi ulikuwepo, na mwingine ulikuwa wa akili kweli: mtoto ambaye watu wengine wanaonekana kutomwona, ndoto za miti na vivuli. Lakini kila jambo lililopinga kisio lilihesabiwa kuwa sehemu ya njozi, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuliangusha. Juni mwaka huohuo watengenezaji wakatoa nyongeza ya bure kufafanua mwisho. Kisio lile lilizaliwa na majonzi. Nawaelewa waliolishika, maana mtu aliyempoteza ndugu naye huota kwamba yuko hai. Ila majonzi hayatoshi kuwa ushahidi.

Sasa nije kwa mtu ambaye ameziacha nafasi wazi kwa makusudi. Katika Zelda, mapengo mengi yalitokana na namna ya kufanya kazi: Nintendo hutanguliza uchezaji, hadithi ikafuata. Hidetaka Miyazaki, aliyeongoza utengenezaji wa Dark Souls ya mwaka 2011, alikuwa na sababu ya utotoni. Amewahi kueleza kwamba alipokuwa mdogo alikuwa anaazima vitabu vya hadithi vilivyozidi uwezo wake wa kusoma, na kurasa asizozielewa alizijaza mwenyewe kwa mawazo yake. Alipokua akaunda gemu ambayo msomaji wake analazimika kufanya vilevile. Hadithi ya Dark Souls haisimuliwi moja kwa moja. Imefichwa katika maelezo mafupi ya pete, ngao na mikufu, sentensi tatu hapa, mbili kule. Anayetaka kujua nini kiliipata dunia ile lazima asome vitu alivyookota, kama anayesoma historia ya mji kwa vigae vya sahani vilivyofukuliwa.

Katika pete moja unasoma kwamba mungu mkuu Gwyn alikuwa na mwana wa kwanza, mungu wa vita, aliyefanya upumbavu uliosababisha kumbukumbu zipotee. Akavuliwa uungu, na leo hata jina lake halijulikani. Kuna madhabahu ya jua yenye sanamu iliyovunjwa. Zaidi ya hapo, kimya. Ni shimo, na wachezaji wakaanza kulijaza.

Wengi walimtaja Solaire wa Astora. Mtamjua kwa moyo wake: katika dunia ambayo karibu kila mtu amekata tamaa, yeye yuko juu ya ukuta analitazama jua, anakuita rafiki, anakupa jiwe la kuandikia alama ili muitane mkizidiwa. Amevaa picha ya jua kifuani. Watu wakasema huyu ndiye mwana wa mungu aliyepoteza cheo. Wengine wakamtaja Andre, mhunzi mzee mwenye kifua cha simba na ndevu nyeupe, kwamba anafanana na Gwyn.

Mwaka 2016 Dark Souls III ikatoka. Kwenye kilele cha milima ya majoka ya kale, juu ya mawingu, ukampata Mfalme Asiye na Jina, amepanda joka la dhoruba, anarusha radi. Maelezo ya roho yake yakasema alikuwa mungu wa vita mwua majoka, kisha akaacha kila kitu aungane na majoka. Taji lake, ikaelezwa, linafanana mno na la Bwana wa Kwanza, yaani Gwyn. Solaire na Andre wakawekwa kando.

Lakini jibu la kuhusu Solaire lilikuwapo tangu mwaka 2011, kwa aliyesoma vizuri. Maelezo ya mavazi yake yanasema kwamba ile picha ya jua aliichora mwenyewe na haina nguvu yoyote. Nguvu zake zilitokana na mazoezi yake. Yaani watengenezaji walikuwa wameshaandika kwamba huyu ni binadamu wa kawaida aliyechukua brashi, akachora jua, akafanya mazoezi. Tuliopenda kumfanya mwana wa mungu tulidhani tunampandisha cheo. Kwangu mimi tulikuwa tunamshusha. Mwana wa mungu kuwa jasiri si ajabu. Solaire hakurithi chochote, na bado alikuwa anawaita wageni marafiki.

Nina shujaa mmoja zaidi wa gemu ile ambaye siwezi kuondoka bila kumtaja. Artorias alikuwa askari wa Gwyn. Ngano zinasema alitembea ndani ya shimo la giza, akalishinda. Unakuta kaburi lake msituni, linalindwa na mbwa mwitu mkubwa aitwaye Sif, mwenye upanga mdomoni, na ili uendelee na safari lazima umuue. Mwaka 2012 ikaja nyongeza inayokurudisha nyuma hadi zama za Artorias mwenyewe. Unamkuta ameshaliwa na giza. Mkono wake wa kushoto unaning'inia. Ngao hana, kwa kuwa aliiacha imlinde Sif, aliyekuwa bado mtoto. Wewe mchezaji ndiye unayemuua Artorias, na wewe ndiye unayeshuka shimoni kulimaliza giza. Kisha sifa zote zinamwendea yeye. Ile ngano uliyoisikia mwanzoni ilikuwa habari yako, imeandikwa kwa jina la mtu aliyeshindwa. Na ukishamwokoa Sif kule zamani, halafu ukarudi kaburini, mbwa mwitu yule anakunusa, anakutambua, anaomboleza kabla ya kuinua upanga.

Mtoto aliyepita hapo amefundishwa jambo kuhusu historia ambalo vitabu vingi vya darasani havilisemi: kwamba jina la shujaa na kazi ya shujaa vinaweza kuwa vya watu wawili. Tena amefundishwa bila mhubiri. Alisoma vitu, akapanga, akafika mwenyewe.

Sisi huku pwani tulikuwa na shughuli hii ya kukisia habari za mashujaa kabla ya umeme. Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Ozi, habari zake zilitungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kabla ya hapo zilitembea kwa midomo. Tunajua alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Tunajua alipiga goti kisimani, upinde umevutwa, akafa katika hali ile, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Aliishi lini? Wataalamu wanapishana kwa karne kadhaa. Zipi kati ya nyimbo zinazonasibishwa naye alizitunga yeye? Wanapishana hapo pia. Wazee wa Lamu wamekaa barazani wakilijadili hilo kwa kahawa, kila mmoja na ushahidi wake, beti kwa beti.

Tofauti moja ni kubwa, nayo hunikosesha usingizi. Liyongo hana kampuni. Hakuna ofisi itakayotoa kitabu rasmi na kusema tawi hili ni sahihi. Link ana mwenyewe, yuko Kyoto. Shabiki wa Link hukisia huku akingoja hakimu. Baraza la Lamu hukisia likijua hakimu hatakuja. Nimefikia kuamini kwamba baraza ndilo lenye afya zaidi, kwa sababu linalazimika kuupima ushahidi kwa uzito wake. Shabiki anayengoja mhuri anaweza kuacha kufikiri siku mhuri unapotoka. Wapo waliokuwa na hoja nzuri kuhusu matawi mawili ambao baada ya Desemba 2011 walinyamaza, kana kwamba mtihani umesahihishwa na kalamu zimekusanywa. Sikubaliani nao. Kitabu cha mwenye mali ni shahidi mkubwa, lakini ni shahidi. Aulizwe maswali kama wengine.

Nina ombi kwa vijana, na ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Nimekaa nanyi kwenye vibanda vya gemu. Mnabishana kwa Kiswahili kitamu, kisha mtu akitaka kuliandika kisio lake analiandika kwa Kiingereza, kwa imani kwamba mambo haya hayana maneno kwetu. Jioni hii nimezungumza muda wote juu ya Kivuli, matawi, chumvi, ngano na ushahidi, na sikukwama. Liandikeni kwa Kiswahili. Pale neno linapokosekana, mtaliunda, kama mlivyounda mengine mengi. Mdogo wako asiyejua Kiingereza naye amemwona Kivuli akitoweka, naye ana swali.

Na swali moja bado liko wazi. Hyrule Historia ilitupa jina la askari wa mifupa. Namna alivyokufa tumeachiwa sisi. Mwenye kisio na anyooshe mkono, aje na ushahidi wake: gemu ipi, sehemu gani, nani alisema nini. Kipaza sauti kinapita, tuanzie na yule binti wa safu ya nyuma.